Mizizi ya Dawa na Elimu ya Kemia
Vijijini Bariadi, mkoani Simiyu, wako wazee wachemshao mizizi kutibu homa. Lakini kiponyacho ndani ya mzizi ni kitu gani, na kikizidi kiasi gani huwa sumu? Maswali ya namna hii hujibiwa na kemia. Mwaka 1991 Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walieleza viini vilivyotolewa katika mimea ya Tanzania iitwayo Uvaria, ambavyo katika maabara vilizuia vijidudu vya malaria visikue. Hata hivyo, kumshinda kijidudu ndani ya chupa si kumponya mgonjwa. Basi twawasihi wazazi: mtoto mwenye homa apelekwe zahanati upesi, apimwe damu. Nanyi vijana, someni kemia; Mtume s.a.w. alituhimiza kujitibu, na kazi hiyo yawangoja ninyi.