Bapu (mwongozaji wa filamu)

Bapu (jina la kuzaliwa: Sattiraju Lakshminarayana; 15 Desemba 1933 – 31 Agosti 2014) alikuwa mchoraji, mchora katuni na mwongozaji wa filamu kutoka nchini Uhindi. Aliongoza zaidi ya filamu 40, nyingi kwa lugha ya Kitelugu na nyingine kwa Kihindi. Kazi zake mbili, yaani uchoraji na sinema, ni vigumu kuzitenga, kwa kuwa matukio ya filamu zake aliyachora kwanza kwenye karatasi, ndipo akaenda kuyapiga picha.

Katika Afrika Mashariki filamu yoyote inayotoka Uhindi huitwa "picha ya Kihindi". Kitelugu, hata hivyo, ni lugha nyingine kabisa. Kinahesabiwa katika jamii ya lugha za Kidravidi, kina mwandiko wake wenye herufi za mviringo, na husemwa hasa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Sinema yake ni kubwa na ina historia yake. Bapu alipoanza kuongoza, filamu nyingi za Kitelugu zilitengenezwa katika studio za Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai.

== Maisha ya awali ==

Alizaliwa Narasapuram, mji mdogo katika delta ya mto Godavari, wakati Uhindi ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Mto huo ulibaki machoni pake maisha yote: maji mapana, mashua, minazi na mashamba ya mpunga huonekana tena na tena katika filamu zake.

Alisoma Madras, na mwaka 1955 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha huko. Uanasheria hakuufuata. Alichora katuni za siasa katika gazeti la Andhra Patrika, akafanya pia kazi katika matangazo ya biashara. Jambo kubwa zaidi alilolipata Madras lilikuwa urafiki wake na Mullapudi Venkata Ramana (1931–2011), ambaye walifahamiana tangu shuleni. Ramana akawa mwandishi, Bapu akawa mchoraji. Mmoja alileta maneno na mwingine sura. Watu walizoea kuwataja kwa pamoja, "Bapu-Ramana", kana kwamba ni jina la mtu mmoja.

Kazi yao ya kwanza kupendwa sana ilikuwa hadithi za Budugu, mtoto mtundu anayeeleza mambo ya watu wazima kwa jinsi anavyoyaelewa yeye. Ramana aliandika, Bapu akachora. Vizazi kadhaa vya watoto wa Kitelugu vimekua na kitabu hicho.

== Uchoraji ==

Mchoro wa Bapu hutambulika upesi. Mistari ni michache, minene na ya uhakika, iliyovutwa kwa mkono usiositasita. Wanawake aliowachora wana macho makubwa yaliyopakwa wanja, nywele ndefu zilizosukwa, na sari iliyovaliwa kama wanavyoivaa wanawake wa vijijini na miji midogo ya Andhra. Sura hiyo ilienea mno hata ikaingia katika lugha: katika Kitelugu, kumwita msichana "Bapu bomma", yaani mchoro wa Bapu, ni kumsifu kwa uzuri.

Alichora majalada ya vitabu, vielelezo vya hadithi magazetini, katuni, na michoro mingi ya miungu na mashujaa wa tenzi za kale za Kihindu. Hata mwandiko wake wa kawaida ulipendwa. Baadaye uligeuzwa kuwa fonti za kompyuta za Kitelugu, zikatumiwa katika kadi za harusi, majalada na matangazo. Si wachoraji wengi duniani ambao herufi zao zimekuwa mali ya umma namna hiyo.

== Filamu ==

Filamu yake ya kwanza, Saakshi ("Shahidi"), ilitoka mwaka 1967. Ilipigwa nje ya studio, kijijini kando ya Godavari, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Krishna alicheza kama mvushaji, mtu maskini anayevusha abiria mtoni. Anashuhudia mauaji, na kwa unyofu wake anasema kweli mbele ya mahakama. Muuaji anafungwa, kisha anatoroka na kurudi kulipiza kisasi. Na wanakijiji waliomsifu mvushaji kwa ushujaa wake sasa wanafunga milango. Muswada uliandikwa na Ramana.

Filamu ya Andala Ramudu (1973) karibu yote iko ndani ya chombo kinachopanda mto Godavari kwenda Bhadrachalam, penye hekalu mashuhuri la Rama. Matajiri na maskini wamebanwa pamoja katika chombo kimoja, na kicheko chote kinatokana na hilo.

Jina la Rama linaongoza kwenye kiini cha kazi ya Bapu, nacho ni Ramayana. Katika utenzi huo wa kale, Sita, mke wa Rama, anatekwa na Ravana. Anaokolewa, anapitia moto ili kuthibitisha usafi wake, na bado watu wananong'ona. Rama, akiwa mfalme, anasikiliza minong'ono hiyo na kumpeleka mkewe mjamzito msituni, ambako anajifungua mapacha. Bapu aliusimulia utenzi waziwazi katika Sampoorna Ramayanam (1971) na Seeta Kalyanam (1976). Filamu hii ya pili inahusu ndoa ya Sita, ambaye alichezwa na Jaya Prada. Ilionyeshwa katika matamasha ya filamu ya London na Chicago, na ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa mfululizo wa michoro ya Bapu inayotembea.

Lakini aliyoifanya vizuri kuliko zote huenda ni ile isiyo na wafalme. Mutyala Muggu (1975) inachukua sehemu ya mwisho ya kisa cha Sita na kuiweka katika nyumba ya tajiri wa Andhra ya kisasa. Muggu ni mapambo ambayo wanawake huchora kwa unga mbele ya mlango kila asubuhi. Mutyala ni lulu. Kijana wa nyumba hiyo anaoa msichana asiye na mali. Jamaa mwenye tamaa, anayetaka binti yake mwenyewe achukue nafasi ile, anamkodi mtu wa kupanga ushahidi wa uongo kuwa bibi arusi amefanya uzinzi. Mume anaamini alichokiona na kumfukuza mkewe mjamzito bila kumpa nafasi ya kujieleza. Watoto mapacha ndio wanaokuja kuwaunganisha wazazi.

Rao Gopala Rao alicheza kama yule mkodiwa. Si jambazi wa kupiga kelele: anaongea taratibu, anajisifu kuwa mpenda sanaa, na maneno aliyoandikiwa na Ramana yalikaririwa na watazamaji kwa miaka mingi. Mpiga picha Ishan Arya alitumia sana mwanga wa asili. Filamu ilipata Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kitelugu, na Arya akapata tuzo ya upigaji picha.

Bapu aliongoza pia filamu za Kihindi, nyingi zikiwa marudio ya zilizofaulu katika lugha nyingine. Hum Paanch (1980) iliwaleta pamoja Sanjeev Kumar, Shabana Azmi, Mithun Chakraborty na Naseeruddin Shah. Woh 7 Din (1983) ilimpa Anil Kapoor nafasi yake ya kwanza kama mwigizaji mkuu katika Kihindi. Kabla ya hapo Bapu alikuwa amemchezesha katika filamu ya Kitelugu, Vamsa Vruksham (1980).

Katika miaka ya 1990 alirudi kwenye ndoa, safari hii kwa kicheko. Pelli Pustakam (1991) ni ya mume na mke wanaoficha ndoa yao ili wapate kazi. Katika Mister Pellam (1993), mume aliyezoea kudharau kazi za nyumbani anajikuta jikoni huku mkewe akienda kazini. Filamu hii ilimpatia Tuzo ya Taifa kwa mara nyingine.

== Miaka ya mwisho ==

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Sri Rama Rajyam (2011), Balakrishna akiwa Rama na Nayanthara akiwa Sita. Ni kisa kilekile cha mke aliyepelekwa msituni, safari hii kikisimuliwa katika mavazi yake ya kale. Muswada ulikuwa wa Ramana, lakini yeye hakuiona filamu ikitoka: alifariki Februari mwaka huo, na filamu ilianza kuonyeshwa Novemba.

Mwaka 2013 serikali ya Uhindi ilimtunuku Bapu nishani ya Padma Shri. Alifariki Chennai tarehe 31 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka 80.