Ganda la Yai Hutengenezwa kwa Pumzi

Saa nane mchana mwezi wa Machi, pita kwenye maboma ya Hagadera au Dagahaley, kambi za wakimbizi za Dadaab, uwatazame kuku waliokimbilia kivuli. Midomo wazi, mabawa yameachana na mwili, koo linapwita. Jirani atasema kideri kimeingia, na kabla ya jua kutua mwenye kuku atakuwa ameshanunua vidonge vya binadamu dukani, akavisaga na kuvitia kwenye maji. Pesa na dawa zote bure. Kideri huja na kinyesi cha kijani, shingo zilizopinda na vifo vya mfululizo. Kuku wa joto, hewa ikipoa jioni, hufunga mdomo wake akaenda kuparua.

Kuku hana tezi ya jasho hata moja. Mwili wake hukaa kwenye nyuzi 41 hivi, na hewa ikipita nyuzi 30 tegemeo lake kubwa ni kuhema, ili maji yavukize kooni na kwenye njia za hewa yaondoke na joto. Kwa hilo Dadaab inamfaa kuliko Mombasa, maana hewa kavu hupokea unyevu upesi, ilhali ile ya pwani imeshashiba. Ila kuhema kuna gharama, na anayeilipa ni yai.

Takriban asilimia 95 ya ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Kalsiamu kuku huipata kwenye chakula, na ikipungua huikopa kwenye mifupa yake. Kaboneti ya ganda haitoki kwenye gunia lolote la chakula. Huundwa kutokana na kabonidioksidi iliyo ndani ya damu yake, gesi ile ile ambayo mimi na wewe tunaitoa puani bila kuiwazia. Sasa kuku anayehema zaidi ya mara mia kwa dakika huipuliza nje kabla haijawa ganda. Damu yake huzidi kuwa alikali, kalsiamu iliyo huru ndani yake hupungua, na kwa kuwa joto limemkata hamu ya kula, hata akiba haijazwi. Matokeo unayaona sokoni: yai jembamba linalopasuka njiani, na muuzaji akilaumiwa kwamba hajui kupakia. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hunichekesha: waliwanywesha kuku waliokuwa kwenye joto maji yenye gesi, soda isiyo na sukari, na maganda yakaimarika. Sipendekezi mtu wa kambi ya Ifo awanunulie kuku soda. Ninachosema ni kwamba pumzi ni malighafi.

Tena kuna jambo la saa. Yai hukaa kwenye kiungo cha kutengeneza ganda muda wa saa 20 hivi, na kwa kuku anayetaga asubuhi sehemu kubwa ya muda huo ni usiku. Basi usiku ndio zamu ya kiwanda, na ndio wakati sisi tunamfungia kuku kwenye chumba cha bati au cha turubai, kila tundu limezibwa kwa hofu ya nguchiro na fisi. Anahema mpaka alfajiri, halafu tunashangaa ganda limekuwa karatasi.

Kosa hili si la wafugaji peke yao. Michoro mingi inayogawiwa wanaoanza ni ya banda la Kiambu, huko juu mita 1,700 na zaidi, ambako adui ni baridi na kifaranga asipofunikwa hufa. Dadaab haifiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Mradi unaoleta mchoro ule ule, mabati yale yale, na sakafu ya maranda mazito yanayochacha na kutoa joto, huo nauita ubadhirifu hata kama bendera ya mfadhili imebandikwa mlangoni. Na ajabu ni kwamba ujuzi upo papo hapo. Wanawake wa Kisomali wamejenga aqal vizazi na vizazi: fito zilizopindwa na mikeka juu yake, nyumba inayopumua. Hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Kwa hiyo anza na ukuta unaopitisha hewa. Hapa mathenge, mti unaolaaniwa Garissa nzima, unapata kazi ya heshima. Kuukata hakumuudhi mtu. (Wakazi wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili yake, wakampeleka hadi mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake.) Simika fito karibu karibu, gongomelea waya wa kuku kwa ndani, na uache nafasi chini ya paa joto litokee. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo elekeza urefu wa banda mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Juu ya bati tandaza mikeka iliyochakaa au nyasi. Inua sakafu pia. Mafuriko ya Novemba 2023 hayakuchagua boma.

Fito za kulalia ndizo kitanda, na wengi huziweka vibaya kuliko kitu kingine chochote. Zikipanda hadi karibu na bati, kuku huchomwa kwa juu. Mita moja au chini ya hapo kutoka sakafuni inatosha, upande unaopata upepo, sentimita 20 kwa kila kuku, na zaidi ukiweza, kwa sababu kuku waliobanana hupashana joto. Akisimama juu ya ufito hewa hupita chini ya tumbo lake, jambo ambalo haliwezekani akilala sakafuni. Mathenge uambue gome lote: miiba huleta uvimbe wa nyayo, na nyufa za gome ni maficho ya utitiri unaotoka usiku kunyonya damu. Usiweke chakula wala maji chini ya fito. Sababu haihitaji kuelezwa.

Maji yawe kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kivulini. Yanayopenya kwenye udongo huvukiza na kuyapoza yaliyobaki, na katika ukavu huu chungu hufanya kazi vizuri sana. Maji ya plastiki iliyoshinda juani kuku huyasusa, na siku za joto anahitaji hata mara nne ya uzito wa chakula alichokula.

Vitagio: giza, sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne au watano, mchanga mkavu ndani. Mchanga huo huo utandaze sakafuni, uchekeche kinyesi kila asubuhi. Pembeni weka beseni la mchanga na majivu wajipake vumbi dhidi ya utitiri.

Na ukimkuta kuku wa shingo uchi sokoni, mnunue wakati wengine wanamcheka. Ana manyoya pungufu, na ile shingo inayowachekesha ndiyo mahali anapotolea joto. Watu humpita wakakimbilia jogoo mnene mweupe ambaye Machi hataimaliza.

Banda likishakaa sawa, mengine hujileta: mayai ya watoto, mengine ya duka, kinyesi kikipoa wiki kadhaa, mbolea ya sukuma kwenye bustani za magunia, maganda ya kuchemshwa, kusagwa na kurudishiwa kuku, majogoo ya sikukuu, kuku mzee, supu.