Makala ni bure, aliyelipa nani?

Aliye ughaibuni karibu na chuo chochote anaujua ujumbe huu wa WhatsApp kutoka nyumbani: "Shikamoo kaka, hebu nipakulie makala hii, huku wanadai hela." Unapakua, unatuma. Lakini anayedai hela ni nani hasa?

Tukitaka wa kumnyooshea kidole, tuanze na Robert Maxwell. Mwaka 1951 alichukua kampuni ndogo ya uchapishaji Uingereza, akaiita Pergamon Press. Biashara ilikuwa tamu ajabu: mtafiti analipwa mshahara na chuo, makala anakupa bure, wenzake wanaikagua bure, kisha maktaba ya chuo kilekile inakuja kununua jarida. Na haiwezi kukuambia inaenda duka la pili, maana makala ile haipo kwingine. Mwaka 1991 Pergamon iliuzwa kwa Elsevier.

Ukuta huo wa malipo una madhara. Mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani waliandika kwamba damu ya baadhi ya Waliberia ilikuwa na kingamwili za Ebola, wakashauri Liberia ihesabiwe katika eneo la ugonjwa huo. Ebola ilipoivamia nchi mwaka 2014, wakubwa wa afya walikuwa hawana habari. Mwaka uliofuata Bernice Dahn, mganga mkuu wa Liberia, na wenzake wawili waliandika katika New York Times kuwa kupakua moja ya makala kama hizo kungemgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Azimio la Budapest la 2002 lilitaka tafiti zisomwe bure mtandaoni. Siku hizi nyingi zinasomeka, ila wachapishaji wakubwa hawakukubali kula hasara: bili ikahamia kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipomtangazia mwandishi bei yake mwishoni mwa 2020, ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja.

Misamaha ipo, na hapo Watanzania tuna kichekesho chetu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha kipato cha kati, tukashangilia. Kumbe kwa baadhi ya wachapishaji msamaha kamili ni wa nchi za kipato cha chini. Ukipanda ngazi moja, unapewa punguzo la nusu. Hata bili ikiwa dola 2,000 tu, nusu yake aitoe mhadhiri gani?

Yapo majarida ya namna nyingine: Swahili Forum, lililo mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Leipzig, halimdai msomaji hata senti. Watafiti wa fani nyingine, tuseme wa malaria, nao wangelifurahia jarida la namna hiyo, ila kupanda cheo chuoni kunategemea sana jina la jarida, na majina makubwa wanayo walewale wenye bili.