Bima Isiwe Tuzo ya Wenye Siha

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bima ilibuniwa ili kuukana usemi huo. Wengi hutoa kidogo kidogo, naye apatwaye na maradhi au msiba hutuliwa mzigo kwa fungu la wote. Kwa kuwa hakuna aijuaye kesho yake, kila mmoja huridhika kuchanga.

Msingi huo sasa unatikiswa. Nchini Afrika Kusini, kampuni ya Discovery ilianzisha mwaka wa 1997 mpango uitwao Vitality, unaowatuza wanachama wanaofanya mazoezi na kupimwa afya. Huko Marekani, kampuni ya John Hancock ilitangaza mnamo Septemba 2018 kwamba bima zake zote za maisha zingeambatana na mpango huo. Saa ya mkononi huhesabu hatua, na ajizoezaye vyema huweza kupunguziwa malipo. Mteja hakulazimishwa kutoa takwimu zake, ila asiyezitoa hulikosa punguzo.

Hapana ubaya kumhimiza mtu anyoshe viungo. Mazoezi husaidia kukinga kisukari na shinikizo la damu, na wagonjwa wakipungua kampuni nayo hufaidika. Hata hivyo, ni sharti tujiulize: punguzo la mmoja hulipwa na nani? Fungu ni lile lile. Wenye siha wakitoa kidogo, na maradhi yasipungue kwa kiasi hicho, pengo litazibwa na wagonjwa, wazee na waliozaliwa na maradhi ya kurithi. Hao ndio hasa waliokusudiwa kusitiriwa na bima.

Isitoshe, saa haijui maisha ya aivaaye. Muuguzi wa zamu ya usiku hulala usingizi wa mang'amung'amu, na saa ikamhesabu kuwa mzembe wa afya yake. Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri bila saa hiyo huonekana hakupiga hata hatua moja. Anayesifiwa kwa bidii pengine amejaliwa nafasi na fedha tu.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huihesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Humpa pia haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee. Lakini mtu akiridhia, kinga hiyo hulegea. Je, ridhaa ya mtu anayebanwa na bei ni ridhaa kweli?

Rai yangu ni kwamba takwimu za siha zitumiwe kumpa mtu zawadi ndogo, wala zisiwe kipimo cha kupandisha malipo ya mwingine. Mpaka huo uwekwe na sheria, usiachiwe hiari ya mwenye kuuza bima. Walimu na wanafunzi wana wajibu wa kulijadili suala hili mapema, kwani siha ni nguo ya kuazima, nasi sote tutaivua siku moja.