Hoja Iliyo Nje ya Ajenda Ipelekwe Wapi?

Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wana nafasi nne tu kwa mwaka, na mara nyingi nafasi hizo humalizwa na hoja ambazo hazikuwamo katika ajenda.

Chukulia mkutano ulioitishwa kujadili maombi ya ardhi. Mkulima mmoja anasimama kuulizia malipo yake ya tumbaku, wa pili anamuunga mkono, wa tatu anataja pembejeo. Saa mbili zinapita. Akina mama wanaondoka kwenda kupika, na waliotoka vitongoji vya mbali wanaanza safari. Ardhi inakuja kuamuliwa na wachache waliobaki. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo.

Mabaraza si mageni Tabora. Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu walikutana hapa kwa jambo moja: Mirambo alikuwa amefunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Waliamua kupigana, wakashindwa. Lakini hiyo nayo ni nje ya ajenda.

Mkulima yule hakukosea kulalamika, bali alikosea mlango. Malipo ya tumbaku yana chama chake cha msingi cha ushirika. Kisima kilichoharibika kina chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya RUWASA. Mgogoro wa mpaka wa shamba huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake.

Mwenyekiti anayemwamuru mtu akae chini hajamaliza kitu, maana mtu huyo atarudi na hoja ileile akiwa na wenzake. Afadhali Mtendaji aiandike mbele ya wote na kutaja inakopelekwa, kisha majibu yasomwe mkutano ujao katika yatokanayo.

Kipengele cha mengineyo nacho kina hatari yake. Hufaa kwa matangazo na maswali mafupi. Ombi la ardhi likiingizwa hapo, wasiohudhuria hawakupata taarifa kwamba lingejadiliwa, na mwananchi yeyote ana haki ya kusimama na kutaka liahirishwe hadi litangazwe ipasavyo.