Kusoma Herufi Si Kupimwa Macho

Ndugu msikilizaji, mwaka jana nilianza kuisogeza karatasi ya taarifa ya habari mbali na uso, hadi mkono ukafika mwisho. Ni mambo ya umri: ukivuka miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa. Nikanunua miwani kwa mmachinga, nikasoma, nikaona kazi imekwisha. Kumbe sivyo.

Kwa mpima macho, kwanza utawekwa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Ubao huo aliubuni daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Ukiambiwa una 6/12, maana yake unasoma kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukisoma kwa mita 12. Ukishindwa, hupewa kibao chenye kitundu kidogo uchungulie. Herufi zikitokeza, huenda miwani ikakufaa. Zisipotokeza, hutafutwa ugonjwa.

Wengi tunadhani mambo huishia hapo. La hasha! Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, polepole na bila maumivu, huku mgonjwa akisoma ubao hadi mstari wa mwisho. Ndiyo maana mpimaji huketi mbele yako, ukaziba jicho moja, naye akaleta vidole kutoka pembeni akikuuliza kama umeviona. Kisha hupima msukumo wa maji ya jicho. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini wapo wenye glakoma ilhali msukumo wao ni wa kawaida. Hivyo humulika ndani ya jicho, autazame mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo.

Uoni ulioliwa na glakoma haurudi. Dawa ya matone au upasuaji huokoa uliobaki tu. Na walio hatarini zaidi ni waliovuka miaka 40, wenye ndugu wa damu waliougua, na sisi Waafrika.

Mmachinga simlaumu. Yeye anauza miwani, hapimi macho. Yangu ningali naivaa, ila baadaye nilikwenda kupimwa. Nawe ukienda, usiinuke baada ya herufi. Uliza: "Msukumo umeupima? Mshipa umeutazama?"

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.