Hakuna dubu Nanganga: Mfundishe mtoto wanyama wanavyovuka kiangazi

Tafuta kwenye simu video ya kumfundisha mtoto jinsi wanyama wanavyopita kipindi cha baridi. Majibu yanafanana: theluji, dubu kalala pangoni, kindi anaficha kokwa. Mtoto wa miaka mitano wa Nanganga ataangalia, atacheka, bando litaisha. Kesho yake muulize kwa nini dubu analala. Atakwambia anasikia baridi.

Hapo ndipo somo linapopotea. Dubu ana manyoya na mafuta ya kutosha. Kinachomlaza zaidi ni njaa: wakati wa theluji matunda hakuna, majani hakuna, na kuzunguka kutafuta chakula ni kupoteza nguvu bure. Kwa hiyo anapunguza matumizi ya mwili na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea.

Nanganga, pale njia panda ya Ruangwa kwenye barabara ya Mingoyo hadi Masasi, kipindi cha namna hiyo kipo kila mwaka. Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni kipupwe, kisha jua kali. Vitabu vingine huita majira ya baridi ya Ulaya "kipupwe", na mtoto anabaki kujiuliza mbona cha kwao hakina theluji. Lakini majani porini yanapukutika, madimbwi yanakauka, maji ya mto Lukuledi yanapungua. Shida ya mnyama ni ileile, ila huku imeletwa na ukosefu wa mvua.

Anza na konokono

Kwa mtoto wa darasa la awali, mwalimu mzuri kuliko wote ni konokono, wale wakubwa wanaotambaa kila mahali masika. Ifikapo Agosti huwaoni. Muulize mtoto kwanza: wameenda wapi? Usimpe jibu. Acha aseme wamekufa, wamehama, wameliwa na kuku.

Kisha mtafuteni pamoja, chini ya gogo, kwenye majani makavu, kwenye shina la mti. Mkimpata, angalieni mdomo wa gamba. Utaona utando mkavu umeziba mlango. Konokono ameutengeneza mwenyewe kwa ute wake ili unyevu usitoke mwilini. Humo ndani moyo unapiga polepole, hali kitu, hatembei, anaweza kukaa hivyo kwa miezi. Msiutoboe. Wekeni jiwe la alama, mrudi kila wiki kumwangalia, na mvua ikinyesha mwende tena. Baada ya hapo mikono inaoshwa kwa sabuni, maana konokono hubeba minyoo.

Epuka kumwambia mtoto kwamba konokono "amekufa kisha akafufuka". Inaonekana ni njia rahisi ya kueleza, lakini mtoto ataanza kumsubiri kuku wake aliyekufa naye aamke.

Samaki hawashuki na mvua

Wazazi wengi wenyewe wanahitaji kusikia hili. Dimbwi limekauka miezi mitano, mvua inanyesha, baada ya muda mfupi kuna visamaki. Watu husema vimeshuka na mvua. Ukweli ni mtamu kuliko huo uongo.

Kwenye nyanda za chini za pwani na kusini mwa Tanzania, hadi Msumbiji, kuna jamii ya visamaki vinavyoishi kwenye madimbwi ya msimu tu. Madume yana rangi kali, mekundu au ya bluu. Maji yakikauka vyote hufa. Kinachobaki ni mayai ndani ya tope. Kiinitete husimamisha ukuaji wake, kinasubiri, na mvua ikija yai linaanguliwa. Kisha ni mbio: aina moja ya Msumbiji hukomaa ndani ya wiki mbili hivi, kabla dimbwi halijakauka tena. Hapa mtoto anajifunza kwamba wakati mwingine mzazi hasalimiki, anayevuka kiangazi ni mtoto wake.

Juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mchanga hunywa maji haraka na mito hakuna. Walimu wa huko wana bahati ya somo jingine: mtoto aliyezoea mama yake akipanga ndoo haitaji kuelezwa maji kuwa adimu ni nini.

Panya buku naye ni wa kueleza haraka. Anajaza chakula kwenye mashavu, anakipeleka shimoni na kuweka akiba. Ni jamii ileile ya panya wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mpe mtoto punje ishirini za mahindi azifiche uani, kesho azitafute. Hatazipata zote.

Ila somo la mashimo lina sharti: mkono hauingizwi shimoni. Nyoka nao hujificha humo humo, na watoto wa huku wanaofuata wakubwa kuchimba panya wanalijua shimo kama mahali pa kitoweo tu.

Sharti la pili ni kiberiti. Kiangazi ni wakati wa kusafisha mashamba, na moto ukitoroka unaingia porini. Ndege huruka, swala hukimbia. Konokono aliyejifungia na kobe aliyejibanza hawana pa kwenda. Mtoto aliyeweka alama ya jiwe karibu na konokono wake ataelewa hili bila kuhubiriwa.

Na theluji? Ipo, kwa namna yake. Kuanzia Septemba na Oktoba mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huanza kuingia. Ni ndege wa gramu kama ishirini tu. Huko kwao wadudu wanatoweka kwa baridi, huku mvua zinakaribia na wadudu wanaongezeka, kumbikumbi wakiwemo. Ifikapo Aprili utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme kabla ya kuondoka. Mtoto akiuliza wanaenda wapi, hapo sasa fungua ile video.